Kabla Hujalipa

Weka pesa mfukoni kwanza, Nafuna.
Kalia hilo kreti, chai inachemka.
Hapana, sufuria ya nyuma si chai,
ni nyuzi. Nne.
Nazichemsha kila baada ya miezi mitatu
zitoe jasho la vidole na uchafu wa Jumamosi,
na mlio hurudi, si wa upya,
ni wa mtu aliyeoga.
Mke wangu keshazoea.
Wageni ndio huuliza leo tunakula nini.

Haya. Ampu ndiyo hiyo chini ya kitambaa.
Wati mia tatu, spika moja ya inchi kumi na tano,
kilo thelathini na nane,
nami nakaa orofa ya nne.
Piga hesabu: vidato sabini na viwili,
kushuka saa kumi jioni, kupanda alfajiri,
mlinzi akinimulika tochi usoni kila wiki
kana kwamba hanijui.
Aliyeiunda aliiwekea kishikio kimoja.
Huyo hajawahi kupiga besi akiishi Kariobangi.

Sitakuficha kasoro zake.
Kitufe cha pili kinakwaruza,
kizungushe mara tano kabla watu hawajaketi.
Kona hii iling'olewa na Otiato, kiongozi wetu,
tukitoka harusi ya Dagoretti na mkokoteni.
Akailaumu mvua.
Ukiiwasha utasikia harufu: vumbi hilo, usiogope.
Ikinuka samaki, zima.

Nilikuwa na nyingine kabla ya hii.
Niliazima kabati la pili, nikaliunganisha
bila kusoma namba za nyuma.
Nilitaka meza za mwisho zinisikie.
Zilinisikia, nusu wimbo.
Kisilu wa Luthuli aliifungua,
akanionyesha kipande cheusi kama ukoko,
hakunitukana. Alichukua kiganja changu
akaandika kwa kalamu:
omu nne, usishuke hapo.
Miaka kumi na mmoja naunawa mkono huu,
maandishi bado nayaona.

Na ukifika baa ambayo maiki inauma midomo,
usivunje mguu wa tatu wa plagi, ule wa ardhi,
hata mvumo ukikukera namna gani.
Tafuta soketi nyingine. Ukikosa, rudi nyumbani.
Bosibori alianguka Umoja, jukwaa lina maji.
Aliamka, ndiyo.
Siku hizi anauza mapazia Gikomba,
na maiki haishiki hata kanisani.

Ukumbi wa mabati, punguza sauti ya chini, usiongeze.
Sauti nene hutangatanga mle,
ikikurudia huijui kama ni yako.
Chomoa jeki kwenye gitaa ukimaliza,
la sivyo betri inanyonywa usiku kucha
na kesho unapiga ubao.

Unauliza mbona nauza.
Otiato husema ni mgongo. Mwache aseme.
Amenunua kinanda chenye besi ndani,
kidole kimoja cha kushoto, basi.
Ijumaa nilienda kuwasikiliza,
nikakaa meza ya mwisho, karibu na choo,
nikisubiri watu wagundue kuna kitu hakipo.
Walicheza.
Mama mmoja alivua viatu akacheza.

Elfu kumi na nane.
Leta kumi na tano, umekuja na kamba yako mwenyewe.
Waya huu chukua bure, nimeuchomelea upya
mwisho ulio na utepe mwekundu; huo ndio uingie kwenye ampu.

Nyuzi?
Hapana, hizo haziuzwi.
Zikikauka nazirudisha kwenye gitaa.
Kwa kazi gani, sijui bado.
Shika upande huo, mimi nishike wenye kishikio,
ah, hapana, wewe ndiwe mnunuzi,
shika wenye kishikio.
Tutapumzika orofa ya pili.